Filamu ya Salinger na madaftari ya baba mkubwa

Filamu ya "Salinger" ina kasoro moja ambayo huioni mpaka uitazame ukiwa mahali ambapo kila mtu anajua jana ulipika nini. Imejaa mshangao. Karibu kila anayehojiwa anashangaa: inakuwaje mtu maarufu namna ile, mwenye fedha, mwenye wasomaji dunia nzima, afunge mlango wake na kukaa ndani? Halafu muziki unapanda. Muziki wa filamu hii hauna adabu hata kidogo; unapiga kelele hata pale mtu anapotaja tu jina la kijiji.

Kwa ambaye hajaiona, ni filamu ya mwaka 2013 ya Shane Salerno, aliyeishughulikia kwa karibu miaka 10. Inamhusu J. D. Salinger, Mmarekani aliyetoa riwaya "The Catcher in the Rye" mwaka 1951, akawa maarufu kuliko alivyotaka, kisha mwaka 1953 akahamia Cornish, kijiji cha New Hampshire, akakaa huko mpaka alipofariki Januari 2010 akiwa na miaka 91. Hadithi yake ya mwisho kuchapishwa ilitoka katika jarida la New Yorker Juni 1965. Baada ya hapo, kimya cha miaka 44 na ushee. Hakuacha kuandika, wanasema waliomjua. Aliacha kuwaonyesha watu.

Mwanzoni tu mwa filamu tunaelezwa jinsi mpigapicha alivyojibanza kwenye gari karibu na posta, akimsubiri mzee aje kuchukua barua zake. Mzee akaja, picha ikapigwa. Mimi pale nilijisikia vibaya, lakini niseme ukweli, niliendelea kutazama. Ndivyo filamu hii inavyokukamata: inakufanya uwe ndani ya lile gari.

Niliitazama mwezi wa sita, likizo, nyumbani kwangu Kingerikiti. Mtoto wa kaka yangu anasomea mambo ya filamu Dar es Salaam, na alikuja nayo kwenye flashi. Betri ya sola ilitubeba mpaka saa moja na nusu hivi ya filamu, ikakata, tukamalizia kesho yake. Pengine kukatika kule kulinisaidia, maana sehemu tuliyoishia usiku ndiyo niliyolala nayo.

Sehemu nzuri kuliko zote ni ya vita. Salinger alishuka ufukweni Normandy tarehe 6 Juni 1944, siku ile ile ya kwanza, akiwa na sura kadhaa za riwaya yake ndani ya begi. Akapigana msitu wa Hürtgen, ambako wenzake waliisha kwa risasi na baridi. Akaingia Kaufering, moja ya kambi zilizokuwa chini ya Dachau, akaona miili. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alilazwa hospitali Nuremberg, akili imechoka. Hapa Salerno ametulia kidogo, muziki ameupunguza, na wazee waliokuwa naye jeshini wanasema wanachokijua bila mbwembwe. Unaelewa bila kuambiwa kwamba yule kijana wa kwenye riwaya, anayezunguka New York akiwa na hasira na kila kitu, aliandikwa na mtu aliyenusa miili inayoungua. Mpwa wangu (namwita hivyo kwa mazoea ya siku hizi, ingawa kwa mila yetu ni mwanangu kabisa) alisimamisha picha akasema, "Shangazi, hapa ndipo filamu ilipotakiwa kuishia."

Nilimkubalia. Lakini haikuishia hapo. Wakaja waigizaji maarufu wa Hollywood kutueleza walivyokipenda kitabu walipokuwa shule, kana kwamba hilo ni ushahidi wa jambo fulani. Akaja mtu aliyevalishwa kama Salinger, anagonga taipureta jukwaani huku nyuma yake picha za vita zikipita kwenye skrini kubwa. Na mwisho kabisa, maandishi yakatokea kututangazia kwamba mzee ameacha kazi mpya na zitaanza kutoka kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita. Hakuna hata kimoja kilichotoka.

Filamu inaamini kwamba mtu akifunga mlango, ndani kuna mojawapo ya vitu viwili: hazina au dhambi. Ikakaa saa mbili inatafuta vyote.

*

Kingerikiti ni kata katika wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Zamani tulihesabiwa Mbinga, na wazee wengi bado wanasema hivyo. Sisi tuko huku milimani kwenye kahawa. Ziwa liko chini, na usipa wanatufikia wakiwa wamekauka ndani ya mifuko ya salfeti. Nasema haya ili msomaji aelewe kwamba kwetu, mtu kujitenga si jambo la kupendeza la kuandikiwa vitabu. Ni jambo la hatari. Mtu mzima anayeishi peke yake, hakaribishi watu, hali kwa jirani, na usiku taa yake inawaka mpaka saa nane, watu hawasemi ni msanii. Watasema neno jingine kabisa, na neno hilo limeshawaua wazee wengi nchi hii.

Kwa hiyo huku anayetaka kujitenga hujitenga kwa akili. Baba mkubwa wangu ni bingwa wa jambo hilo. Ni mwalimu mstaafu, amevuka miaka 80, anaishi kilimani katikati ya mibuni yake. Hakosi msiba. Anachimba kaburi, au alikuwa anachimba mpaka mgongo ulipokataa. Siku hizi anakaa na wazee kwenye mkeka na kusimamia daftari la rambirambi kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Jumapili yuko kanisani, benchi la tatu. Siku ya kupeleka kahawa yuko kwenye foleni kama wenzake na anabishana juu ya mizani kama wenzake. Ukimuuliza mtu yeyote kijijini kama mzee huyo anajitenga atakushangaa. Lakini muulize huyo huyo ni lini aliingia ndani ya nyumba yake, akapita sebule. Atafikiri sana. Mimi mwenyewe, mtoto wa mdogo wake, nimeingia chumba cha ndani mara mbili maishani.

Humo ndani kuna madaftari. Ni yale makubwa, kaunta buku, yenye jalada gumu. Familia tumejua siku zote kwamba yapo. Alianza kuandika mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, alipokuwa mwalimu kijana na kazi mojawapo ya walimu ilikuwa kuandika orodha za watu waliohamishwa. Tulivyokuwa wadogo tulidhani bado anaandika orodha.

Ni riwaya. Niliambiwa na mama mkubwa, marehemu sasa, tena kwa sauti ya chini kama anayetaja ugonjwa: "Baba yenu anaandika kitabu, msimsumbue."

*

Sasa, kama kuna mwandishi wa kwetu aliyenijia kichwani nikitazama filamu ile, hakuwa Kezilahabi, ingawa wengi wangemtaja yeye kwanza. Euphrase Kezilahabi tunamjua kwa vitabu vyake kuliko kwa maisha yake, na nadhani alipenda iwe hivyo. Mtu aliyepitia seminari akaandika "Rosa Mistika" mwaka 1971, kitabu kikazuiwa mashuleni. Akaandika "Kichwamaji" mwaka 1974, ambamo msomi wa chuo kikuu anajiua. Kisha akaenda kufundisha Botswana miaka mingi, mbali na mabishano yote aliyoyaanzisha. Alifariki Januari 2020. Na mtu huyo huyo diwani yake ya pili, ya mwaka 1988, aliipa jina "Karibu Ndani". Mimi hulicheka sana jina hilo. Unaingia, unakuta vyumba, mwenye nyumba humwoni.

Wala hakuwa Meja Mwangi wa Kenya, mzaliwa wa Nanyuki, aliyejulikana kwa kuwakwepa waandishi wa habari. Huyo kisa chake kina utamu wa aina yake, kwa sababu alifanya kazi kwenye filamu za Wazungu zilizopigwa Kenya, ikiwemo "Out of Africa" ya mwaka 1985. Alijua kamera inavyofanya kazi, akachagua kukaa nyuma yake. Mtu akitaka kutengeneza filamu juu ya mwandishi aliyejificha, aanzie hapo.

Aliyenijia ni Aniceti Kitereza wa Kagunguli, Ukerewe. Kisiwa kimoja na Kezilahabi, lakini kizazi cha nyuma kabisa. Alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Bukerebe, akasomeshwa na mapadri, akapelekwa seminari ya Rubya huko Bukoba, akajua Kilatini na lugha nyingine kadhaa, kisha akaacha njia ya upadri, akaoa. Mkewe aliitwa Anna Katura. Watoto waliowapata hawakuishi. Mwaka 1945 akamaliza riwaya ndefu mno kwa Kikerewe, juu ya mume na mke wanaopendana na hawapati mtoto, Myombekere na Bugonoka, na mateso yote ya kutafuta dawa na kustahimili maneno ya ndugu. Mwishowe wanapata watoto wawili. Wa kiume wanamwita Ntulanalwo, maana yake mtu aishiye na kifo daima. Wa kike ni Bulihwali, yaani huzuni itakwisha lini?

Tafadhali rudia kusoma majina hayo ukimkumbuka Anna Katura.

Kitabu hicho hakikupata mchapishaji. Padri mmoja Mkanada, Simard, aliyekuwa akimtia moyo, alianza kukitafsiri kwa Kifaransa akafa kazi haijaisha. Nani angechapisha kitabu kikubwa namna ile kwa lugha ya kisiwa kimoja? Miaka ikapita, nchi ikapata uhuru, Kiswahili kikashika hatamu. Wamarekani wawili, mume na mke, waliofika Ukerewe mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya utafiti wa historia, wakamkuta mzee na mswada wake, wakamtia moyo autafsiri kwa Kiswahili. Akautafsiri mwenyewe, neno kwa neno, mikono ikimuuma kwa baridi yabisi. Tanzania Publishing House wakautoa mwaka 1980, juzuu mbili. Mwaka 1981 Kitereza akafa. Vitabu vilivyochapwa havikuwa vimemfikia mkononi.

Hebu mweke Kitereza pembeni ya Salinger. Mmoja alijenga uzio watu wasimfikie, na alikuwa na mawakili: mwaka 1987 mahakama ilimzuia mwandishi mmoja wa Kiingereza, Ian Hamilton, asinukuu barua zake. (Ajabu ni kwamba ili ashinde kesi ilimbidi akae mbele ya mawakili ajibu maswali juu ya maisha yake kwa saa kadhaa, kitu alichokikimbia miaka yote.) Mwingine hakuwa na uzio. Mlango ulikuwa wazi miaka 35, hakuna aliyepita. Filamu juu ya Salinger inauliza kwa nini hakutaka kutoka. Filamu juu ya Kitereza ingeuliza sisi tulikuwa wapi.

Na maisha yake ya ndani? Yako kwenye kitabu yote. Mtu akisoma jinsi Myombekere anavyomfuata mkewe ukweni, baada ya wakwe kumchukua binti yao kwa sababu ya utasa, anavyoomba, anavyonyenyekea, hahitaji mpigapicha wa kujificha ndani ya gari. Kitereza alifungua nyumba yake yote, ila alibadilisha majina na kuwarudisha watu nyuma katika enzi za babu zake. Mimi kwa maoni yangu huo ndio ujasiri, kuliko uzio.

*

Mpwa wangu alikuja na filamu ile kwa makusudi. Hilo nililijua siku ya pili, filamu ilipokwisha.

"Shangazi, nataka nimpige babu."

Kwanza nilidhani ananitania. Kumbe ana mpango mzima: dakika 40, mzee kwenye mibuni asubuhi ukungu ukipanda, mzee kwenye mashimo ya ngolo, mzee anaandika kwa mwanga wa kibatari. Nilimwambia babu yako ana taa ya sola tangu mwaka 2016, kibatari utakitoa wapi? Akasema watatafuta.

Nilimkatalia kibatari, lakini sikuweza kuukataa mpango wote, na sababu ni hii. Macho ya baba mkubwa yanakwenda. Daktari Mbinga mjini alisema mtoto wa jicho, la kulia limeshaziba, la kushoto linafuata, na mzee anaogopa upasuaji. Madaftari ni 14. Mwaka juzi mchwa walipanda kwenye sanduku wakala moja, wakala kona za mengine mawili. Na jambo la tatu, kubwa kuliko hayo: yameandikwa kwa Kimatengo. Si Kimatengo cha kuchanganya na Kiswahili tunachoongea sisi sokoni, ni kile cha bibi zake, chenye majina ya mimea na ya mvua ambayo mimi mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa hapa hapa, nusu siyajui. Mpwa wangu hajui hata robo. Akifa mzee, tutabaki na karatasi ambazo ukoo mzima hauwezi kuzisoma. Mchwa wakila au wasile itakuwa sawa.

Kwa hiyo tulipanda kilimani, sisi wawili, na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Na huyu mrefu ni wa nani?"

Anajua ni wa nani. Ndivyo anavyosalimia.

Tulimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua kahawa kwenye meza ya kuanikia, anatoa zile mbovu kwa kugusa, kwa sababu kuona haoni vizuri. Kisha akamuuliza kijana:

"Utanipiga nikiwa nafanya nini?"

"Ukiwa unaandika, babu."

"Siandiki. Niliacha mwaka 1996."

Mimi nilikuwa sijui. Miaka yote taa inawaka usiku, tunapita kimya, tunawakanya watoto wasipige kelele, na mzee haandiki.

"Sasa usiku unafanya nini, baba?"

"Nasoma niliyoandika. Nasahihisha. Kama mwalimu." Akacheka kidogo. "Sasa hivi hata hilo siwezi."

Mpwa wangu, kwa ujana wake, akamweleza habari za Salinger. Mzee alizisikiliza kwa makini kweli. Akauliza kama yule mtu alikuwa na mke. Tukamwambia alioa mara tatu. Akauliza watoto je? Wawili, binti na mvulana, na binti aliandika kitabu juu ya baba yake mwaka 2000. Akanyamaza. Akauliza, "Na huyo binti, alikuwa na hasira?"

Nilimwambia ndiyo, ilikuwepo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kikwazo si kamera.

*

Ndani ya filamu ya Salinger kuna mwanamke anaitwa Joyce Maynard. Mwaka 1972 alikuwa na miaka 18, mwanafunzi wa chuo, makala yake ikatoka gazetini, Salinger mwenye miaka 53 akamwandikia barua. Akaacha chuo, akaenda kuishi naye Cornish miezi kadhaa, kisha mzee akamwambia aondoke. Alikaa kimya miaka 25. Mwaka 1998 alipoandika kitabu juu ya hayo, wakosoaji wengi walimshukia: amemsaliti mtu mkubwa, ameuza siri. Mwaka uliofuata alipouza barua zile kwenye mnada wakamshukia tena. Tajiri mmoja akazinunua kwa zaidi ya dola 150,000 na kusema atamrudishia mwenyewe.

Wakati ule wote wapenzi wa vitabu walizungumza kana kwamba faragha ile ilikuwa ya Salinger peke yake. Mimi nikiitazama sura ya yule mama kwenye filamu niliwaza: nyumba ya Cornish ilikuwa na watu wawili. Miezi ile ilikuwa maisha yake pia. Siri ya watu wawili haiwezi kuwa na mlinzi mmoja, halafu awe ndiye mwenye jina kubwa. Katika hili naipongeza filamu, ilimpa nafasi ya kusema, japo muziki haukumwacha.

Baba mkubwa ana binti mmoja, dada yangu kwa kuzaliwa, ambaye haishi hapa. Nilimpigia simu wiki ile. Nilidhani atafurahi. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata, kama kawaida ya mtandao wetu.

"Daftari la saba," alisema, "ni mimi."

Aliwahi kulisoma, kwa siri, akiwa darasa la saba, akiwa bado ana Kimatengo kizuri cha kuzungumza na bibi. Kilichomo sitakisema, si changu. Ninachoweza kusema ni kwamba kuna jambo lililotokea nyumbani kwao akiwa mdogo, ambalo ukoo ulikubaliana lisisemwe, na baba yake hakulisema. Aliliandika. Alilipa majina mengine, akalihamishia enzi za Wajerumani, lakini mtoto alijijua.

"Mwandishi anaweza kusema ni hadithi," dada aliniambia. "Mimi je, nitasema ni nini?"

Sikuwa na jibu, wala sasa sina. Nilimfikiria Anna Katura. Katika yote tunayosimulia juu ya Kitereza, hatusimulii kama mkewe aliwahi kuusoma au kusomewa mswada ule, na kama alipofika kwenye majina ya wale watoto alisema chochote. Mimi ningempa Anna Katura nusu saa ya filamu yoyote.

Mpwa wangu alikuwa na hoja yake pia, na haikuwa ya kijinga. Alisema, shangazi, mkimsubiri kila mtu aridhike mtakuwa na sanduku la vumbi. Huko Ukerewe Kikerewe cha Kitereza kimebaki kwenye mswada tu, tunachosoma ni Kiswahili. Hapa hata huo mswada hautakuwepo. Alisema pia kwamba dada anaogopa watu ambao hawawezi kusoma Kimatengo. Nikamwambia hawezi kusoma Kimatengo mpaka mtu kama wewe aje na maneno ya chini ya picha kwa Kiswahili.

Akanyamaza, akacheka. Ni kijana mzuri.

*

Tulipanda tena kilimani mwezi wa saba. Safari hii dada alikuwa kwenye simu, spika imewashwa, simu imeegemezwa kwenye kopo la chai. Mazungumzo hayo yalikuwa marefu na sehemu kubwa yalikuwa baina ya baba na binti, kwa Kimatengo, na mimi nilitoka nje nikamsaidia kijana kugeuza kahawa. Tulisikia sauti ya mzee ikipanda mara moja tu. Baadaye kukawa kimya kirefu. Baadaye tena tukasikia wanacheka, jambo ambalo lilitushtua kuliko makelele.

Walichokubaliana ni hiki. Hakutakuwa na filamu ya mzee. Hatapigwa picha sura, nyumba haitapigwa, wala sitataja kilima. Kijana ataleta kinasa sauti na kitawekwa mezani. Kwa kuwa mzee haoni tena, mimi nitasoma daftari kwa sauti, herufi kwa herufi pale nisipoelewa, na yeye atalitamka neno linavyotakiwa, ataeleza maana yake, na akitaka kusahihisha atasahihisha. Daftari la saba litaruka. Litabaki kwenye sanduku mpaka dada atakapokuja mwenyewe, na siku hiyo atalisoma yeye.

Makala haya nimemsomea mzee yote kabla ya kuyatuma. Pale niliposema anabishana juu ya mizani alitaka niongeze kwamba mizani ilikuwa mibovu kweli.

Tumeshafanya vipindi sita. Mpwa wangu amerudi chuoni, kinasa sauti kimebaki kwangu. Daftari la kwanza lina kurasa nyingi za mvua tu, mvua ya siku ambayo watu walihamishwa, na nimejifunza kwamba kuna jina la mvua inayonyesha jua likiwaka na jina jingine la ile inayonyesha jua likiwaka upande wa ng'ambo ya bonde. Mzee ananisahihisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikikosea mara mbili anagonga meza kwa kidole, na kugonga huko kumo kwenye sauti zote tulizorekodi, kunasikika wazi. Kijana ananiuliza kwenye simu kama akufute. Nimemwambia akuache.

Jumamosi iliyopita tulifika mwisho wa daftari la pili. Nilipofunga jalada, mzee aliuliza kama dada amesema atakuja Krismasi au Pasaka. Nikamwambia hajasema. Akaniambia nichukue la tatu.